Cha Macho, Si cha Masikio

Kwaruuu. Ikatulia. Kisha kwaruuu tena, ndefu kuliko ya kwanza, ikakatika ghafla kwa kishindo cha mguu wa kiti uliogota ukutani.

Fundi vioo aling'ata meno. Sauti ilitoka upande wa pili wa mlango uliofungwa, na kwake yeye, aliyekata vioo tangu ndevu hazijamwota, ilikuwa sauti ya kikata kioo butu kikiburuzwa juu ya kioo kizuri. Sauti ya hasara. Nani huyo mle ndani asiyeweza kunyanyua viti kama mtu mwenye adabu?

Kando yake, kwenye benchi la korido, binti yake wa miaka kumi na mitano alikaa na viganja katikati ya magoti. Shule nzima ilimwita Kimya. Walimu walianza kwa kulikataza jina hilo, wakaishia kulitumia, na siku hizi hata mama yake lilimponyoka.

"Umekunywa chai?" fundi aliuliza.

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote, baba."

Basi, maneno yakaisha. Kati ya baba na binti yale hayakuwa machache. Yalikuwa ya kawaida. Fundi alilelewa na baba aliyeamini kwamba mtoto akisifiwa machoni hupasuka, kama kioo baridi kilichomwagiwa maji ya moto. Naye akaona baba yake hakukosea, maana yeye hakupasuka. Akamlea wa kwake vivyo hivyo. Alilisha, alivisha, alilipia shule, alikemea. Mengine aliwaachia wanawake.

Ndiyo maana asubuhi ile mkewe, akiwa anamnyonyesha kitinda mimba, alimsimamisha mlangoni.

"Huko unakwenda kusema neno jema, si kugomba. Unalo?"

"Nitalikosaje? Si mwanangu?"

"Mimi ni mkeo," mama Kimya alisema, "na la kwangu bado nalisubiri."

Fundi alicheka, akatoka. Hakucheka tena tangu alipoketi kwenye benchi lile, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Kikao kilichokuwa kikipangwa mle ndani kingeamua kama Kimya anabaki shuleni au anafukuzwa, na mtihani wa mwisho ulikuwa umekaribia kiasi kwamba hakuna shule nyingine ambayo ingempokea. Kufukuzwa kulikuwa ni kufungiwa mlango, na ufunguo kutupwa mtoni.

Kosa lenyewe mtaa mzima ulilijua. Kimya alikuwa na rafiki mmoja tu, msichana mwenye domo lisilolala, waliyempa jina la Redio. Watu waliwaona wakipita pamoja wakasema, Mungu kagawa: mmoja kapewa maneno ya wawili, mwingine kapewa masikio. Juma lililopita Redio alifeli jaribio la hesabu, akaogopa kurudi kwao. Kimya akamficha. Wapi? Katika ghala la vioo nyuma ya karakana ya baba yake mwenyewe, penye makreti marefu ya mbao ambayo vioo husimama ndani yake kama vitabu kwenye rafu. Humo gizani Redio akakanyaga kipande cha kioo, kikamchana kutoka kisigino hadi kwenye kifundo. Kimya akamwosha kwa maji ya chumvi, akachana shuka lake akamfunga, akawa anampelekea chakula chake. Na wakati wote huo, mama Redio alipokuwa akipita mlango kwa mlango akilia, Kimya alifuatana na watu kumtafuta mtu ambaye yeye ndiye aliyejua alipo. Fundi mwenyewe alikuwa mbele ya msafara. Binti yake alitembea nyuma yake, akiita jina la rafiki yake mitaroni kwa sauti isiyotetemeka.

Siku ya tatu homa ilipopanda, Kimya alimbeba Redio mgongoni mpaka hospitali. Mguu ulikuwa umevimba, umeanza kuoza. Madaktari waliuokoa, ila ilikuwa bado kidogo ukatwe.

Fundi aliposikia, jambo lililomchoma zaidi ya yote alilifanya siri. Alikuwa ameona. Alimkuta Kimya karibu na ghala ameshika sahani, akamkaripia kwa kula karakanani. Akapita zake.

Mlango ukafunguliwa.

"Karibuni," alisema mwalimu wa ushauri, mwanamke mfupi aliyefunga miwani yake kwa kamba ya kiatu. "Samahani kwa kelele. Nimeitoa meza. Watu hupenda kujificha nyuma yake."

Chumba kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo. Wavu wa mipira ulining'inia kwenye msumari, na tufe la ramani lililobonyea lilikaa juu ya kabati. Viti vitano vilitazamana. Katika kimoja aliketi mwalimu wa nidhamu, mtu wa kifua kipana mwenye filimbi shingoni. Katika kingine aliketi mama Redio, mshonaji wa sare za shule. Pini mbili zilikuwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, kama mtu aliyeitwa akiwa cherehani. Macho yake yalikuwa mekundu. Alimtazama Kimya mara moja, akageuza uso kama mtu aliyepigwa na mwanga.

Fundi alimwamkia. Hakuitikiwa.

"Nitaeleza tunavyofanya hapa," mwalimu wa ushauri alisema baada ya wote kuketi. "Mwalimu Mkuu ameliacha jambo hili mikononi mwa kikao. Wenye kura ni watatu: shule, mzazi, na aliyekosewa. Mimi sina kura, kazi yangu ni kulinda kanuni. Ili mtoto afukuzwe, kura zote zinazohesabiwa lazima ziseme afukuzwe. Ikipatikana moja ya kumbakiza, anabaki."

Fundi akashusha pumzi. Kumbe! Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Mwalimu wa nidhamu na mama Redio wangeweza kusema watakavyo. Kura yake moja ingetosha. Aliunyoosha mgongo wake.

"Lakini," mwalimu yule aliendelea, "kabla hatujataja kosa, kila mwenye kura ataje jambo moja zuri analoliweza mtoto huyu. Jambo aliloliona mwenyewe. Cha macho, si cha masikio. Asiyekuwa nalo hamjui mtoto, na asiyemjua hahukumu. Huyo hana kura."

"Hata mzazi?" aliuliza mwalimu wa nidhamu.

"Mzazi hasa."

Mama Redio aliguna. "Kwa hiyo nimekuja kumpamba. Mwanangu yuko kitandani na mguu kama boga, mimi nimekuja kumpamba huyu."

"Hapana, mama. Tunataka kujua tuna nini mkononi kabla hatujakitupa. Kosa lake tutalifikia, na halitapunguzwa hata chembe."

Mwalimu wa nidhamu hakusubiri kuombwa. "Mimi nianze, maana vipindi vinaniita. Muhula uliopita niliadhibu darasa zima lifagie uwanja kwa kosa la mtu mmoja aliyekataa kujitaja. Walinung'unika wote. Huyu hakunung'unika. Alimaliza sehemu yake, akaenda akafagia na ya yule mwenzao mwenye pumu, akarudi kivulini bila kunitazama. Nilikuwa dirishani. Niliona." Akakwaruza shingo. "Sikumwambia. Nakiri, ilikuwa vizuri. Hilo ndilo la macho. Kura yangu nitaitoa wakati wake, na msidhani nimelainika."

Kwa mara ya kwanza Kimya aliinua kichwa. Alimtazama mwalimu yule kama mtu aliyesikia anaitwa kutoka nyumba asiyoijua.

"Ahsante. Baba Kimya?"

Fundi alikohoa. Alikuwa na jambo, bila shaka. Baba gani asiye na jambo? Akapeleka mkono kwenye kumbukumbu kama anavyoupeleka rafuni bila kutazama, akakuta patupu. Akapapasa. Aliyaona makaripio: umechelewa, umesahau, usiguse, ondoka hapo utajikata. Watu wanne walimngoja. Na yeye hakuwa mtu wa kuvumilia kungojwa, wala fedheha hakuizoea. Basi akafanya kama wafanyavyo mafundi mteja anapodai kitu ambacho hakipo dukani: akauza maneno.

"Binti yangu ni fundi," alisema. "Damu haipotei. Hunisaidia karakanani. Hukata kioo kwa mkono mmoja, mstari umenyooka kama uzi. Mkono wake hautetemeki." Kadiri alivyosema ndivyo alivyoona inavutia, akaongeza. "Wateja huniuliza, fundi, hiki amekata nani? Nawaambia, binti yangu huyo."

Ilikuwa sifa safi, haina hata alama ya kidole. Mwalimu wa ushauri alikuwa akitikisa kichwa taratibu, akiafiki.

"Ni jambo kubwa. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumamosi," fundi alisema, maana uongo haupendi kusimama. "Jumamosi iliyopita. Tulifanya kazi naye mpaka jioni."

Akasikia kiti kinalia. Mama Redio alikuwa amesimama.

"Jumamosi iliyopita?"

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Jumamosi iliyopita mwanangu alikuwa ndani ya ghala lako," mama Redio alisema polepole, kila neno akilichoma kama sindano. "Wewe ulikuwa karakanani mpaka jioni. Na huyu binti yako. Mlango wa ghala uko hatua ngapi kutoka meza yako ya kazi? Mwanangu anaungua homa, wewe unakata vioo. Kumbe ulijua."

"Mama Redio, sivyo…"

"Na ukatutangulia njiani na tochi yako. Ukanishika mkono, ukaniambia nipige moyo konde. Ulijua."

Mwalimu wa nidhamu naye aligeuka, na macho yake sasa hayakuwa juu ya mtoto. "Fundi, hili si jambo la kikao tena. Hili ni la polisi."

Akisema alikuwapo, basi alishiriki. Akisema hakuwapo, basi kadanganya, na kura imekwenda. Alipiga hesabu hiyo mara moja, akarudia, na kila mara jibu likawa lile lile. Mtu mzima hovyo, ameingia mtegoni kwa miguu yake mwenyewe.

"Baba anadanganya."

Sauti ilikuwa ndogo, wala haikupanda. Wote wakamgeukia Kimya. Alikuwa bado amekaa na viganja katikati ya magoti.

"Baba hajawahi kuniruhusu nishike kikata kioo. Anasema nitajikata. Jumamosi hakuwapo kabisa. Alikwenda kupima madirisha ya lile jengo jipya, nendeni mkamuulize msimamizi. Alirudi usiku. Hakujua chochote. Nilichagua ghala kwa sababu nilijua Jumamosi hatakuwapo."

"Kimya," mwalimu wa ushauri alisema kwa upole, "umesikia kanuni nilipoieleza?"

"Nimesikia."

"Unajua umefanya nini sasa hivi?"

"Najua."

Fundi alimtazama mwanawe. Alitaka kumwambia anyamaze, akakumbuka kwamba kunyamaza ndiko kulikokuwa kazi yake miaka yote, na leo ameiacha kwa ajili yake. Ile kura moja, ule ufunguo, mtoto aliuchukua kutoka mfukoni mwa baba yake akautupa ili baba asilale korokoroni. Wala hakumtazama alipofanya hivyo.

"Ni kweli?" mwalimu wa ushauri alimuuliza fundi.

"Ni kweli," alisema. "Nimedanganya. Sikuwapo."

"Basi mzazi hana kura," alisema mwalimu wa nidhamu.

"Hana," mwalimu wa ushauri akakubali shingo upande. "Mama Redio, zamu yako."

Mama Redio aliketi. Alichomoa pini moja kwenye ukosi, akaichomeka tena palepale.

"Sina."

"Chukua muda wako."

"Muda ninao. Neno ndilo sina. Alikuja kwangu, akakaa kwenye mkeka wangu, nikamuuliza, mwanangu, hujamwona mwenzio? Akanitazama usoni akasema sijamwona. Nimwone na jambo gani zuri mtu wa namna hiyo? Nipiteni."

"Ukikosa, na wewe huna kura."

"Basi sina kura. Sikuja kwa ajili ya kura."

Fundi hakuhitaji kuambiwa maana yake. Zilikuwa kura tatu, mbili zimekufa, imebaki ya mwalimu wa nidhamu peke yake. Na kura zote zinazohesabiwa zilikuwa hiyo moja. Mwalimu yule alikwisha kushika filimbi yake, kama mtu anayetaka kumaliza mchezo.

"Naomba kusema," fundi alisema.

"Zamu yako imepita, fundi."

"Sitaki kura. Kura nimeila mwenyewe. Nataka kusema tu. Mniandike ni mwendawazimu, lakini mnisikilize."

Mwalimu wa nidhamu alimtazama mwenzake. Mwalimu wa ushauri akasema, "Kanuni inakataza kura. Kusema haikukataza."

Fundi alisugua viganja kwenye suruali. Safari hii hakupapasa rafuni. Jambo lilikuwa limesimama mbele yake tangu binti yake alipofungua kinywa, na aibu yake ilikuwa kwamba hakuwahi kuliita zuri.

"Alikuwa na miaka kumi na miwili," alisema. "Nilikuwa napandisha kioo kikubwa ngazini, kioo cha dirisha la duka, mimi juu na msaidizi wangu chini. Huyu alikuwa nyuma yetu, ameleta chakula. Katikati ya ngazi msaidizi akateleza. Nikasema basi, kioo kimekwenda na mimi kimenikata vipande viwili. Hakikwenda. Nikatazama chini, naona mikono midogo imeshika ncha. Hana glavu, hana kitambaa. Amekishikilia kwenye ukingo wenyewe, unaokata kama wembe. Msaidizi alikuwa bado anajizoazoa. Nikamwambia usiachie. Hakuachia. Damu ikawa inamtiririka mpaka kwenye viwiko, naiona. Hakulia, hakuniita, hakusema njoo. Alishika mpaka tukakiweka chini."

Akavitazama viganja vya binti yake.

"Mkiniuliza nilimwambia nini, nilimkaripia. Nani kakuambia ushike? Nikamfunga vidonda huku namgombeza. Alama anazo mpaka leo. Mwanangu, waonyeshe." Kimya hakufumbua viganja, na baba yake hakumlazimisha. "Niliogopa, mwalimu. Nikaona ni heri nigombe. Lakini leo nawaambia kwa macho yangu: akishika kitu cha mtu hakiachii. Na kosa lake liko hapohapo. Hajui kuita. Hajui kusema kinanizidi, njooni mshike upande wa pili. Angejuaje? Mara ya kwanza aliposhika, mimi nilimpigia kelele. Nani aliyemfundisha kwamba akiita ataitikiwa?"

Nje kengele ya vipindi ililia, miguu ya wanafunzi ikapita mbio koridoni na kelele zao, ikatokomea. Mwalimu wa nidhamu alikuwa na kipindi. Hakuinuka.

"Wewe," mama Redio alisema.

Kimya alimtazama.

"Nataka kukuuliza, na unijibu ukweli kama ulivyousema juu ya baba yako. Ulikaa mkekani kwangu. Uliona ninavyolia. Mbona hukuniambia?"

Kidevu cha Kimya kilitikisika mara moja, akakikaza.

"Ulisema asirudi."

"Nini?"

"Ulimwambia, ukifeli tena usirudi nyumbani kwangu. Aliniambia. Nilimwambia mama yako ametania tu. Akasema wewe humjui mama yangu, mama yangu akishasema kasema. Akaniapisha." Maneno yalimtoka kwa tabu, moja moja. "Nilipokuja kwako nilitaka kukuambia. Nikawa nangoja useme kwamba akirudi hutamfanya kitu. Ulikuwa unasema nikimpata, nikimpata atanitambua."

Mama Redio alifunika kinywa.

"Ni maneno ya hasira," alisema baadaye, kwa sauti iliyopoteza nguvu, bila kujulikana anamwambia nani. "Mama gani hasemi? Nimeyasema mara mia. Redio mwenyewe huyaigiza anapocheza na wenzake, tunacheka wote."

"Mara hii hakucheka, mama," Kimya alisema.

Mwalimu wa ushauri alivua miwani ikaning'inia kwenye kamba. Fundi alitaka kumshika binti yake bega, lakini mkono haukujua njia, ukabaki hewani, ukarudi gotini.

"Ninalo moja," mama Redio alisema.

"La macho?"

"La macho. Sikutaka kulitoa." Alikuwa akitazama sakafu. "Siku ile nilikuwa kwenye geti la hospitali. Nimekuja kuuliza kama wameletewa msichana aliyegongwa, aliyeokotwa, vyovyote. Nikamwona huyu anakuja na mwanangu mgongoni. Pekupeku. Kimo chao kimoja, na mwanangu mnene kumzidi. Nikajua papo hapo kwamba alikuwa anajua. Sikumsaidia. Nilimpiga kofi. Kofi la mtu mzima, kwa nguvu zangu zote, naye amembeba mwanangu. Akayumba. Nikampiga la pili." Akaipandisha sauti, kana kwamba kuna mtu aliyembishia. "Hakumwachia. Hakutoa hata mkono mmoja ajikinge uso, maana angetoa, Redio angeanguka. Alisimama vile, ananitazama, mpaka muuguzi akaja na machela. Ndipo akakunja magoti akamlaza taratibu. Ndipo akajifuta pua."

Fundi hakuwa amesikia habari hiyo. Kimya hakumwambia mtu.

"Hilo nimeliona," mama Redio alisema. "Na kila nikifumba macho nalo naliona. Sasa niambieni, nina kura au sina?"

"Unayo. Ulikosa neno, hukudanganya," mwalimu wa ushauri alisema.

"Haya. Msinielewe vibaya, sijamsamehe. Mwanangu amepata kovu ambalo atalivaa maisha yake yote, na lingekuwa dogo kama huyu angesema siku mbili mapema. Lakini siwezi kumfukuza mtoto shule kwa sababu alimshikilia wangu siku ambayo mimi nilimwachia. Abaki."

Mwalimu wa nidhamu alipumua kwa nguvu puani. "Yangu inasema aondoke, na nitaiacha iseme hivyo," alisema. "Mtoto aliyedanganya mtaa mzima siwezi kumpigia makofi. Lakini kanuni ni kanuni, amebaki. Na kama amebaki, sitaki abaki bure." Akamgeukia Kimya. "Mimi nina wanafunzi wadogo wapya wasiopungua mia, na kila juma mmoja analia chooni kwa jambo asilomwambia mwalimu. Wewe wanakufuata, nimewaona. Kuanzia Jumatatu utakuwa nao mchana, chini ya macho yangu na ya mwalimu huyu. Wakikuambia, unapeleka. Hupeleki peke yako, hubebi peke yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Na kwangu," mama Redio aliongeza, "utakuja kila jioni umsomee masomo yanayompita. Domo lake mnalijua, asipopata wa kumsikiliza atapona mguu aumwe kichwa."

Mwalimu wa ushauri alicheka kidogo, na kicheko kile kikawa kama dirisha lililofunguliwa. Lakini mama Redio hakuwa amemaliza. Alisimama, akavuka nafasi iliyokuwa ya meza, akasimama mbele ya Kimya hata binti ikabidi naye asimame.

"Mimi nimekupa kura yangu. Na wewe nipe neno. Niahidi kwamba hutanificha tena siri yoyote ya mwanangu."

Lilikuwa ombi dogo. Fundi alijua yeye angelijibu kabla halijamalizika, ndiyo mama, na angetoka zake. Alimtazama binti yake, akaomba kimoyomoyo, sema ndiyo, mwanangu, sema ndiyo twende nyumbani.

"Siwezi," Kimya alisema.

Mwalimu wa nidhamu aliinua nyusi. Uso wa mama Redio ulianza kufungika, kama duka linaloshusha mabati.

"Huwezi?"

"Hilo siwezi, mama. Ataniambia mambo mengine ambayo si yako, na nikiahidi nitalazimika kuyaleta. Sitaki kukuahidi kitu halafu nikivunje." Viganja vyake vilikuwa vimefumbuka sasa, vimening'inia pande zote mbili, na baba yake aliziona zile alama, nyeupe, zimekatiza katikati. "Naomba nikuahidi ninaloliweza."

Mama Redio alimtazama kwa muda mrefu.

"Sema."

Kimya alifikiri. Alilipima neno lake pande zote, kama mtu anayepima mara mbili kwa sababu atakata mara moja tu. Kisha akamtazama mama Redio usoni, kwa macho yale yale yaliyomdanganya mkekani, akasema:

"Siku nikijua Redio anaumia, au yuko mahali pa hatari, nitakuja kwako siku hiyo hiyo, hata kama ameniapisha. Nitamwambia kwanza kwamba nakuja. Akininunia, aninunie. Na nikikukuta una hasira, nitakaa mlangoni mpaka zipoe, lakini sitaondoka sijakuambia. Hilo nakuahidi, mama."